Vidole Visivyosomeka

Siku ile walikuwepo kogo, yaani nyanya yetu mzaa baba, baba mdogo, aliyefika kutoka Sotik na viatu vyake vya ngozi mkononi kwa sababu ya matope, senge, dada ya marehemu baba, mwenye duka huko Ndanai, mzee wa kokwet, mtaa wetu wa pale mlimani, aliyeitwa awe shahidi, dada yangu anayenifuata, ndugu yangu wa darasa la nne, kisha kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa amelala magotini kwa kogo, na mimi. Mama wa boma la chini, jirani yetu, naye alikuwepo ingawa hakuna aliyemwita. Alikuja kurudisha sufuria tuliyomwazima, akaketi karibu na mlango, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia aende.

Tulikuwa tumekusanyika ili tugawanywe. Mama alitangulia, baba akamfuata baada ya kuugua kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili nichune chai badala yake. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alisema polepole, akitazama chini, kama mtu anayepanga mizigo kwenye gari na hataki kitu kivunjike. Dada yangu angemaliza mtihani wa darasa la nane kisha aende Ndanai kumsaidia senge dukani. Ndugu yangu angekwenda Sotik. Kitinda mimba angepelekwa kwa watu wa mama, upande wa Bomet. Mimi ningebaki na kogo na shamba. Chai ya shamba lile, alisema, ingelisha watu wawili, wala si watano.

Sikuwa nimepanga kusema lolote. Nilisikia tu sauti yangu ikisema kwamba nitapata kazi ya mshahara.

"Kazi gani?" baba mdogo akauliza.

"Ya basi. Kondakta."

"Umeandikwa?"

"Bado. Nitaandikwa nikipata beji."

"Na beji unapata namna gani?"

"Nikipata cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi."

Senge akacheka, akasema kwamba amewahi kuona mtu akinunua blanketi kabla ya kujenga nyumba, lakini huyu ananunua kifuniko cha mtungi ambao haujafinyangwa. Hapo kogo akainua kichwa. Cheti kile watu wote walikiita gudi kondakti, na kogo aliamini tangu siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake kwamba ni cheti cha kumthibitisha mtu kuwa kondakta mzuri.

"Hiyo atapata," alisema. "Huyu hata mbuzi akihesabu hakosei. Wampe hiyo peji." Beji kwake ilikuwa peji.

Mzee wa kokwet akasema maneno machache ya kupatanisha. Wakakubaliana kunipa muda hadi shule zifunguliwe Januari. Nikiwa na kazi, tubaki pamoja. Nisipokuwa nayo, kila mtu achukue mtoto wake. Dada yangu alikuwa ameshika mkono wa kitinda mimba aliyelala, na hakuuachilia hata wageni walipokuwa wakinawa kula.

Ile kazi haikuwa ndoto yangu tu. Palikuwa na basi lililolala Roret kila usiku, likiondoka alfajiri kwenda Kericho na Nakuru na kurudi jioni. Kondakta wake alikuwa mzee, amechoka na magoti, na watu walisema anataka kwenda kulima. Mtu akipata kazi ile angelala nyumbani kwake kila siku, na hilo ndilo nililolitaka kuliko mshahara wenyewe. Msimamizi wa basi alikuwa na meza yake ndani ya hoteli moja ya chai na mandazi pale sokoni. Nilipomwendea hakuniuliza jina. Aliniambia tu kwamba siku hizi polisi wakimkuta kondakta bila beji, basi linalala kituoni na abiria wanadai nauli yao. "Sitaki kukuandika halafu nianze kukungojea," alisema. "Njoo na beji ndiyo tuongee." Nikamwuliza kama nikija nayo nitapata kazi. Akasema, "Nimesema tuongee."

Kwa hiyo nilianza kutafuta karatasi za kazi ambayo haikuwepo. Nilipata barua ya chifu, nikapigwa picha, nikaenda mjini Kericho kuchukuliwa alama za vidole. Afisa aliyekuwa na kibao cha wino alikuwa mtu mrefu wa kutoka upande wa ziwani, mwenye mzaha mwingi. Alinishika kidole kimoja kimoja, akakiviringisha kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Alipomaliza aliitazama karatasi kwa muda, akaichezesha mbele ya dirisha, halafu akasema tutajaribu. Ikapelekwa Nairobi.

Ilirudi baada ya wiki nyingi. Nilipoitwa nilidhani ni cheti, nikavaa shati la kanisani. Afisa akaniwekea mezani karatasi ileile, na juu yake mtu wa Nairobi alikuwa ameandika kwamba alama hazisomeki.

"Wewe ni mchuna chai," akasema.

Nikamjibu ndiyo.

"Nyinyi watu wa chai mnanimalizia wino bure. Hebu tazama." Alinigeuzia kiganja. "Hiki kidole ni kama barabara yenu ya Roret wakati wa mvua. Mistari iko, lakini ni ya maji, si ya gari."

Nilivitazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine. Utomvu wa majani ulikuwa umekaa ndani ya ngozi, mweusi, na ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa zimepasuka na kulainika kwa wakati mmoja, pale ambapo kila kichipukizi na majani yake mawili huvunjwa. Sikuwahi kufikiria kwamba vidole vinaweza kuisha.

Afisa akaacha mzaha. Alinieleza kwamba ngozi hurudi ikiachwa. Nisichune, nisilime, nisipasue kuni, nisioshe mikono kwa majivu. Nipake mafuta asubuhi na jioni, kisha nirudi baada ya mwezi hivi. "Pumzisha mikono," akasema, kama vile mikono ni ng'ombe wa kulima.

Nilitembea sehemu kubwa ya njia ya kurudi kwa miguu, kwa sababu sikuweza kukaa. Chai haingoji. Usipoichuna kwa mzunguko wake, majani yanakomaa, yanakuwa magumu kama ya kahawa, na karani wa majani kwenye kituo cha kupimia chai anayamwaga pembeni mbele ya watu. Kisha inabidi upogoe, na shamba lililopogolewa halitoi kitu kwa miezi. Kupata cheti kulitaka niache chai, na tukiacha chai tusingefika Januari. Nilijaribu kuligeuza jambo hilo kila upande, likabaki vilevile.

Nilipowaeleza nyumbani, dada yangu alisimama, akatoa kikapu ukutani na kusema kwamba yeye atachuna. Mtihani ulikuwa umebaki wiki chache. Nilimnyang'anya kikapu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikamwambia akikigusa tena nitakichoma. Akaniuliza ni nani basi atakayechuna, kogo? Nikatoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikatoka tena. Ndugu yangu mdogo alinifuata mzunguko mmoja kisha akachoka.

Sijui ni nani aliyepeleka habari boma la chini. Asubuhi iliyofuata, kabla ukungu haujainuka, nilisikia mtu ndani ya chai yetu. Nilitoka nikamkuta yule mama, kikapu mgongoni, karatasi ya nailoni kiunoni kujikinga na umande, amekwisha maliza mstari wa kwanza. Nilimwuliza kuna nini.

"Leo nachuna kwenu," alisema bila kugeuka. "Utanichunia yangu mikono ikirudi."

Hivyo ndivyo akina mama wa mlima wetu walivyofanyiana wakati wa uzazi au ugonjwa. Siku ya kazi ililipwa kwa siku ya kazi, na haikulipwa kwa kitu kingine. Kesho yake akaja na mwenzake. Mzunguko uliofuata walikuja watatu, kisha wanne. Majani yalipimwa kwa namba ya mkulima ya marehemu baba kama kawaida, na hakuna hata mmoja wao aliyechukua jani kwenda kulipima kwa namba yake.

Sijawahi kuwa na mwezi mrefu kama ule. Kogo alinipaka siagi ya maziwa mikononi kila asubuhi na kunivisha soksi kuukuu za baba, nikafanana na mtu aliyeungua. Sikuruhusiwa kukamua, kwa kuwa kukamua nako kunakwaruza. Nilipojaribu kushika shoka, kogo aliniita kwa jina la marehemu baba, sauti ya juu, nikaliachia. Nilikaa. Nikasimama. Nilikwenda kwenye ua, nikawatazama akina mama wakivuka mistari, mikono yao ikienda upesi bila wao kuitazama, na mikono yangu ndani ya soksi nayo ikawa inavunja hewa. Kanisani nilijikuta nimechuna pembe zote za kitabu cha nyimbo.

Wachunaji nao hawakuniacha na amani. Mmoja alipaza sauti kutoka katikati ya chai kwamba bwana harusi ameamka. Mwingine akauliza kama yule karani wa soksi atawaletea maji ya kunywa au ataogopa kushika jagi. Mama wa boma la chini aliwaambia waniache, mikono hiyo ni ya serikali sasa, ikipata hata mkwaruzo mmoja sote tutafungwa. Walicheka hadi vikapu vikatikisika. Nikawapelekea maji, jagi nimelikumbatia kama mtoto.

Mchana nilitembea hadi Roret kutazama kama kondakta mzee bado yupo. Alikuwepo, akishuka ngazi za basi kwa kutanguliza mguu mmoja, kisha mwingine. Ndani ya hoteli, kwenye benchi lililo karibu na meza ya msimamizi, nilimkuta kijana mmoja mtanashati aliyekuwa na beji tayari. Alikuwa ameibandika kifuani, akawa anakunywa chai taratibu kama mtu anayelipwa kwa kukaa. Nilimwuliza ameipata wapi na alingoja muda gani. Akanitazama mikono, akaziona zile soksi, akaniuliza kama mimi ni mwendawazimu au mgonjwa. Nikamwambia napumzisha vidole. Alisogea mbali kidogo kwenye benchi. Usiku huo nilikuwa na hakika kwamba kazi imekwenda kwake, na bado asubuhi nilimpa kogo mikono aipake siagi, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya nayo.

Nilirudi kwa afisa mwezi ulipotimia. Aliponiona alinyoosha mkono kama anayepokea mgonjwa. Aliviviringisha vidole, akainua karatasi dirishani, akapiga mluzi. "Sasa wewe ni mtu," alisema. Nilitazama na mimi. Ile mistari ilikuwa imerudi yote, imejikunja mmoja ndani ya mwingine, na nilishangaa kwamba nilikuwa nimezaliwa na kitu kizuri vile bila kukijua.

Dada yangu alifanya mtihani wake. Cheti kilikuja kabla ya Krismasi, katika sanduku la posta la shule ya msingi, na mwalimu mkuu akakileta mwenyewe. Kilisema kwamba hakuna kosa lililoandikwa dhidi yangu. Kogo alikishika juu chini na kusema kwamba amefurahi wamekubali mimi ni kondakta mzuri. Nilikwenda nacho kuomba beji, nikangoja tena, nikaipata: bamba dogo la chuma lenye nambari, baridi kama sarafu. Niliivaa ndani ya nyumba jioni nzima. Kitinda mimba aliniita dereva.

Siku iliyofuata nilikuwa Roret kabla hoteli haijafunguliwa. Msimamizi akaigeuza ile beji, akasoma nambari, akanirudishia.

"Sasa uko sawa," alisema. "Lakini mzee hajaondoka. Na yule naye ana beji kama wewe." Alionyesha benchi kwa kidevu. "Ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka mtu aondoke."

Januari ilifika hivyo, mimi nikiwa na beji bila basi.

Baba mdogo na senge walikuja Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, pamoja na mzee wa kokwet. Senge alikuwa na mkoba mtupu wa plastiki, ule mkubwa wa mistari, umekunjwa chini ya kwapa. Dada yangu aliuona, akaingia jikoni. Kwa muda tulizungumza mambo ya mvua. Kisha baba mdogo akasema kwamba walingoja kama walivyoahidi, na akaniuliza kazi iko wapi. Niliiweka beji mezani.

Aliitazama kwa heshima. Alikuwa mtu wa kuheshimu vitu vya serikali. "Hii ni kazi?" aliuliza.

"Ni beji."

"Nimeuliza kazi, kijana wangu."

Nilimweleza habari ya mzee na magoti yake na benchi. Nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa mepesi. Senge akaanza kuukunjua mkoba, bila ubaya, akisema kwamba afadhali watoto wafike mapema ili wazoee. Ndugu yangu mdogo aliuliza kama Sotik kuna mpira. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshindwa, kwa sababu moyoni alikuwa ameshaanza kuondoka.

Mama wa boma la chini aliingia bila kubisha, akiwa na matope hadi magotini, na kama siku ile ya kwanza akaketi karibu na mlango.

"Nasikia mnagawa nyumba yenye deni," alisema.

Baba mdogo akageuka kwangu kwa mshtuko, kisha akatia mkono mfukoni. "Ni pesa ngapi, mama?"

"Si pesa. Weka pesa yako. Huyu tulimchunia, mimi na wenzangu, siku si haba. Siku zetu ziko katika nyumba hii. Zinarudi kwa mikono ya nyumba hii. Sasa mkitawanya mikono, mmoja Ndanai, mmoja Sotik, mmoja sijui wapi, nani atanichunia? Utakuja wewe, na hivyo viatu?"

Kogo alicheka hadi akashika kifua. Baba mdogo alisema kwamba mimi nabaki, mimi nitalipa.

"Huyu anangoja basi. Basi likija saa hii, anaenda. Mimi sikumpa yeye siku, niliipa nyumba."

Wote wakamtazama mzee wa kokwet. Alikuwa mtu asiyependa kuharakishwa, akamaliza chai yake kwanza. Kisha akasema kwamba mama amesema kweli. Katika mlima huu nyumba inayodaiwa siku haivunjwi, kwa sababu ikivunjwa, kesho hakuna mtu atakayemchunia mgonjwa wa mwenziwe. Walipe kwanza, alisema. Wakimaliza, ukoo urudi uzungumze.

"Basi wamalize upesi," baba mdogo akasema.

"Mimi sina haraka," alijibu mama wa boma la chini.

Senge aliukunja mkoba polepole, akaulainisha kwa kiganja, akauingiza tena chini ya kwapa. Alipokuwa akiondoka alimshika dada yangu kidevu na kumwambia asome. Nadhani naye alipumua.

Tulianza kulipa Jumatatu. Nilikwenda shamba la mmoja, kisha la mwingine, na Jumamosi dada yangu na ndugu yetu walikuja nyuma yangu na vikapu vidogo. Ilichukua muda mfupi tu vidole vyangu kurudi kuwa vyeusi. Hilo halikuniuma, kwa kuwa beji ilikuwa nyumbani, imening'inizwa kwenye msumari. Kondakta mzee alikwenda kulima mvua ndefu zilipoanza. Yule kijana wa benchini alikuwa amechoka kungoja na kwenda kutafuta maisha Nakuru, kwa hiyo msimamizi alituma mtu aniite, nami nikaanza kazi bila sherehe yoyote, alfajiri, mvua ikinyesha. Dada yangu aliingia kidato cha kwanza. Kila jioni nilirudi nikawakuta wote ndani.

Siku zangu za mapumziko nilizitumia kulipa. Mmoja baada ya mwingine, wale akina mama waliniambia kwamba imetosha, wakanipa maziwa, tukamaliza. Akabaki mama wa boma la chini. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia katika chai yetu, na ndiye aliyechuna mara nyingi kuliko wote. Nilipokwenda kwake na kikapu, aliniambia chai yake haijafika. Nilipokwenda tena, alisema leo wanawe wapo. Mara ya tatu alikuwa ameketi kizingitini akichambua mboga, na majani ya shamba lake yalikuwa yamekomaa kabisa, hata mpita njia angeona. Nikamwambia, mama, hii chai inaharibika, niache nilipe.

"Baba yako mdogo alipita juzi," alisema. "Aliniuliza kama mmemaliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado." Akaitupa mboga moja iliyooza. "Nenda nyumbani. Nitakuita."

Hajaniita.